Boozer Atafunga Tu, Swali Ni Nani Atampa Mpira

Siku mbili za drafti ya NBA, Juni 2025, pale klabu za ligi ya kulipwa ya Marekani zinapochagua vijana kwa zamu, zilitosha kuiacha timu ya kikapu ya chuo kikuu cha Duke bila kikosi cha kwanza. Cooper Flagg aliitwa namba moja akaenda Dallas. Kon Knueppel, namba nne, akaenda Charlotte. Khaman Maluach aliitwa wa 10 na akaishia Phoenix. Kesho yake Sion James akaitwa wa 33, naye Charlotte, na Tyrese Proctor wa 49, Cleveland. Hao watano ndio waliokuwa wakianza mechi. Timu iliyoshinda mechi 35 na kupoteza nne sasa inaingia msimu wa 2025-26 ikiwa haina hata mmoja wa watano hao walioianzia nusu fainali ya taifa kule San Antonio.

Novemba 4, 2025, Duke wanafungua msimu dhidi ya Texas mjini Charlotte, na wapenzi wa kikapu cha vyuo wameshamaliza hesabu zao. Cameron Boozer, wanasema, ndiye Flagg mpya. Pacha wake Cayden atagawa mpira. Dame Sarr ametoka Barcelona, Nikolas Khamenia ametoka Los Angeles, basi kazi imekwisha. Ni furaha ileile ya mashabiki wa Simba na Yanga dirisha la usajili linapofunguliwa: kila anayeshuka kwenye ndege ameshaleta ubingwa, na hakuna anayeuliza atacheza pembeni ya nani.

Mimi nauliza hilo hilo. Pointi alizofunga kijana sekondari hazinipi usingizi wala hazininyimi. Ninachotaka kujua ni dakika zipi zimebaki wazi, nani alikuwa akizitumia, akifanya kazi gani, na waliobaki wanaweza kumfunika mgeni wapi akikosea. Kwa kipimo hicho Duke wana mgeni mmoja ambaye hana shida hata kidogo, wengine wawili watatu wenye nafasi nzuri, na pengo moja kubwa ambalo mgeni hawezi kuliziba.

Tuanze na asiye na shida. Cameron Boozer ana urefu wa sentimita 206, na tangu akiwa mdogo amezoea kushinda. Yeye na Cayden walitwaa ubingwa wa jimbo la Florida miaka minne mfululizo wakiwa Columbus, shule ya Miami. Mwaka 2024 alikuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Marekani ilipochukua dhahabu Istanbul. Kati ya vijana wanaoingia chuo mwaka mmoja naye anatajwa pamoja na AJ Dybantsa, aliyekwenda BYU, na Darryn Peterson, aliyekwenda Kansas. Baba yao, Carlos Boozer, alikuwa bingwa wa taifa na Duke mwaka 2001, kwa hiyo hata kelele za ukumbi wa Duke, nao unaitwa Cameron, wenye viti 9,314 tu lakini unaotisha kuliko viwanja vya watu 20,000, hazitakuwa ngeni masikioni mwao.

Atafunga. Atachukua ribaundi. Akipewa mpira karibu na kikapu na mlinzi mmoja mgongoni, mlinzi huyo ameumia. Tofauti yake na Flagg iko kwingine. Flagg aliiongoza Duke kwa pointi (19.2 kwa mechi), ribaundi (7.5), asisti, yaani pasi za kufungisha (4.2), mipira ya kupora na bloku, yaani mitupo iliyozuiwa, pia. Yaani alikuwa anaziba mashimo yote matano kwa mkono mmoja. Mlinzi wa Duke akipitwa, Flagg alikuwa anatokea upande wa pili na kuupiga mpira ukutani. Pasi ikikwama, yeye ndiye aliyeushika na kuanza upya kutoka juu. Boozer ni fundi wa ndani mwenye akili nyingi na mikono laini, pasi anazijua, lakini si wa kukimbilia kila moto unaowaka. Kumwita Flagg mpya ni kumtwisha mzigo usio wake, na kocha Jon Scheyer atakosea kama ataandaa timu kwa fikra hiyo.

Hapa kuna kisa cha kwetu kinachosaidia. Mwaka 2006 Connecticut walikuwa katika hali inayofanana na hii kwa namna ya kushangaza. Wachezaji wao watano walichaguliwa kwenye drafti moja: Rudy Gay, Hilton Armstrong, Marcus Williams na Josh Boone raundi ya kwanza, Denham Brown raundi ya pili. Katika mashimo hayo ndipo alipotumbukizwa kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye sentimita 221 na miaka michache tu ya kuujua mchezo wenyewe. Alifanya alichoweza: bloku karibu nne kwa mechi akiwa mwaka wa kwanza. Timu ilimaliza na ushindi 17 na vipigo 14, na Machi ilipofika haikuwa kwenye mashindano ya NCAA yanayotoa bingwa wa taifa wa vyuo, wala yale madogo ya NIT.

Je, Thabeet alikuwa mbaya? Hapana. Kundi lilelile lilipokomaa pamoja, mwaka 2009, lilifika nusu fainali ya taifa. Yeye alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8, akagawana na mwenzake tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya Connecticut, kisha akachaguliwa namba mbili kwenye drafti. Kilichokosekana mwaka ule wa kwanza kilikuwa watu wazima wa kusimama naye. Wakati ule mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza, kwa hiyo kocha Jim Calhoun hakuwa na duka la kununua uzoefu. Alikuwa na watoto, basi akawalea.

Leo duka lipo na liko wazi. Tangu 2024 mchezaji anayefaulu masomo yake anahama kila mwaka na kucheza papo hapo. Msimu wa kuchipua wa 2025 zaidi ya wachezaji 2,000 wa kiume wa daraja la kwanza walijiandikisha kuhama. Na kuanzia Julai 1, 2025, baada ya suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa msimu wa 2025-26, michezo yote ya chuo ikijumlishwa. Mwenye miaka 22 aliyekuwa akienda kutafuta riziki Uturuki au Ufaransa sasa anaona afadhali abaki chuoni mwaka mmoja zaidi. Matokeo yake, kijana wa miaka 18 anakutana uwanjani na wanaume wenye ndevu.

Ukitaka ushahidi, angalia mabingwa. Timu ya mwisho kuchukua taifa ikitegemea mwaka wa kwanza ilikuwa Duke yenyewe, 2015, ya Jahlil Okafor, Tyus Jones na Justise Winslow, na hata hiyo ilikuwa na Quinn Cook, mwanafunzi wa mwaka wa nne, akishika hatamu. Tangu hapo, Duke ya Zion Williamson na RJ Barrett ilitolewa na Michigan State kwa pointi moja, 68-67, robo fainali ya 2019. Florida walioshinda Aprili 2025 walianza mechi bila mwaka wa kwanza hata mmoja. Walter Clayton alitoka Iona, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, Will Richard alitoka Belmont, na senta Rueben Chinyelu, Mnigeria aliyepitia NBA Academy Africa kule Senegal, alitoka Washington State. Wote wanne waliwahi kuwa wageni, lakini wageni waliokwisha kukomaa kwingine.

Msomaji makini atanikatiza hapa: mbona Duke wa mwaka jana nao walikuwa wageni watupu, na wakashinda mechi 35? Ni kweli. Masika ya 2024 wachezaji saba walihama Duke kwa mkupuo, na kati ya wale waliokuwa wakipata dakika za maana walibaki Proctor na Caleb Foster tu. Flagg, Knueppel na Maluach walikuwa mwaka wa kwanza.

Ila tazama walivyopangwa. Scheyer alikwenda dukani akarudi na Sion James aliyekuwa amecheza miaka minne Tulane, Mason Gillis aliyetoka kucheza fainali ya taifa na Purdue, na Maliq Brown wa Syracuse, mlinzi ambaye mikono yake haitulii. Kila kijana alikuwa na mtu mzima wa kumwegemea. James alimkaba mshambuliaji hatari wa wapinzani ili Knueppel asilazimike. Proctor alibeba mpira dakika ngumu, na Flagg akampokea.

Maluach ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote, na si kwa sababu ni jirani yetu, ingawa hilo halidhuru. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kampala, akaanza kikapu 2019, na akafika Durham, mji wa Duke, akitoka kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Kocha mwingine angemjaribu kwa mambo kumi. Scheyer alimpa matatu: weka skrini (simama umzibie njia mlinzi), kimbilia kikapu udanki, yaani utumbukize mpira kwa mkono, linda ndani. Basi. Kwa dakika kama 21 za kila mechi alifunga pointi 8.6 na mitupo yake iliingia kwa asilimia 71. Kazi yake ilipunguzwa hadi ikalingana na anachokijua, na iliyobaki wakaibeba wenzake. Huko ndiko kumweka mgeni mahali pake.

Na mpaka wa kazi hiyo ulionekana San Antonio. Dhidi ya Houston, Maluach alicheza dakika 21 bila kuokota ribaundi hata moja. J'Wan Roberts, mwanamume aliyekuwa chuoni mwaka wa sita, alimsukuma kiunoni usiku kucha, na hiyo ndiyo shule ya mwili isiyofundishwa sekondari. Duke waliongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili, na bado walikuwa mbele kwa sita sekunde zikiwa chini ya 40. Wakapoteza 70-67. Houston walikuwa na mgeni mmoja tu wa maana kwenye kikosi cha kwanza, Milos Uzan kutoka Oklahoma, aliyeletwa kuchukua nafasi moja iliyojulikana, ile ya Jamal Shead aliyeondoka, akiwa amezungukwa na watu wanne walioufahamu mfumo wa kocha Kelvin Sampson wakiwa wamefumba macho. Usajili wa namna hiyo hauandikwi sana magazetini, lakini ndio unaoshinda.

Sasa rudi kwa Duke wa msimu huu na utafute Sion James wao. Alikuwa awe Cedric Coward wa Washington State, urefu wa sentimita 198, mitupo mizuri, mwili wa kiume. Aliahidi kuja, kisha akaamua kubaki kwenye drafti na akachaguliwa wa 11. Huwezi kumlaumu. Lakini baada yake Duke hawakuleta mtu mwingine wa hadhi hiyo. Ifeanyi Ufochukwu aliyetoka Rice ni senta wa akiba, wa kutoa faulo tano na kupumzisha wenzake. Pengo la mtu mzima wa pembeni halikuzibwa na mtu mzima. Limepewa Dame Sarr.

Sarr ni mchezaji wa kuvutia. Ni Mwitaliano mwenye wazazi wa Senegal, ana mikono mirefu, na tofauti na wenzake wa mwaka wa kwanza ameshafanya mazoezi kila siku na kucheza dhidi ya watu wazima wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, akiwa Barcelona. Aliondoka huko kwa mzozo, baada ya kwenda Portland kucheza Nike Hoop Summit, mechi ya vijana nyota, wakati klabu haikutaka aende. Namwona akianza mechi, na namwona akipewa kumkaba gadi (mchezaji wa nje anayebeba mpira) bora wa wapinzani kuanzia siku ya kwanza. Mitupo yake ya mbali siiamini bado. Ikikataa, wapinzani watamwacha peke yake na kwenda kumzonga Boozer wawili wawili, na hapo ndipo uzuri wa Boozer wa kutoa pasi utapimwa.

Kwa sababu hiyo, mchezaji ninayemwona muhimu zaidi kwa mafanikio ya Boozer si mgeni. Ni Isaiah Evans, kijana mwembamba aliyekaa benchi mwaka jana na bado akatupia asilimia 41.6 ya mitupo ya pointi tatu. Desemba 2024 dhidi ya Auburn aliingia akatupia sita kipindi cha kwanza, akamaliza na pointi 18, ukumbi ukawaka. Alikuwa akicheza dakika 14 hivi kwa mechi. Mwaka huu atapata mara mbili ya hizo, na mlinzi wake hatathubutu kumwacha hata hatua mbili. Kila hatua anayozuiwa mlinzi huyo ni nafasi ya Boozer kugeuka chini ya kikapu.

Senta ni Patrick Ngongba. Nguvu anazo na pasi nzuri anazo pia. Kilichomrudisha nyuma ni mguu. Ulimnyima maandalizi na mwaka jana akacheza dakika kumi na kidogo kwa mechi. Ana sentimita 211, si 218 za Maluach, na hapo mfumo mzima wa ulinzi unabadilika. Kikosi cha kwanza cha mwaka jana hakikuwa na mtu chini ya sentimita 195, ndiyo maana walibadilishana watu kwenye kila skrini bila hofu: gadi akibaki na senta, si neno. Sasa Cayden Boozer akibaki na senta mwenye kilo 115, ni neno kubwa. Nategemea kumwona Maliq Brown akimalizia mechi nyingi za karibu, bega lake lililotoka mara mbili mwaka jana likikubali. Hafungi sana, watazamaji wa kawaida hawamwoni, na timu ikiwa naye uwanjani inakaba vizuri kuliko ikiwa na yeyote.

Limebaki pengo nililosema mgeni hawezi kuliziba: nani anashika mpira zikiwa zimebaki dakika nne na timu inaongoza kwa tatu. Wengi wanampa Cayden. Sababu ni nzuri. Anajua pacha wake anataka mpira wapi, hapotezi ovyo, na kwenye fainali ya kitaifa ya sekondari mwezi Aprili yeye ndiye aliyeng'ara, si Cameron. Hata hivyo mimi ningeanza na Caleb Foster.

Najua kauli hiyo itawaudhi baadhi ya watu. Foster alianza msimu uliopita kama pointi gadi, mgawaji mkuu wa mpira, wa kwanza, na msimu haujafika katikati nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na James. Mwaka wake wa kwanza nao ulikatishwa na jeraha la mguu. Katika zama hizi mchezaji wa aina hiyo anafungasha virago na Aprili yuko chuo kingine. Yeye alibaki. Ni mwaka wa tatu sasa, ana sentimita 196, anaweza kumkaba gadi mkubwa, na amewahi kucheza ugenini Chapel Hill, kwa mahasimu North Carolina. Kumweka yeye mbele kunampa Cayden kile alichopewa Maluach: kazi ndogo inayolingana naye. Aingie dakika ya saba ya kila kipindi dhidi ya magadi wa akiba, aongeze kasi, akae. Ikifika Februari naye ndiye bora, hakuna kilichopotea.

Khamenia sijamsahau. Ana sentimita 203, anaona pasi ambazo wengine hawazioni, na alikuwa kwenye kikosi cha Marekani kilichotwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 kule Lausanne mwaka huu. Atakuwa wa sita au wa saba na hatalalamika. Darren Harris, naye wa kikosi cha mwaka jana, atapata dakika zitakazobaki.

Ratiba haina huruma. Kansas ya Peterson ni Novemba 18 New York, Arkansas ni siku ya Shukrani Chicago, Florida wanakuja Durham Desemba 2, na siku nne baadaye ni safari ya Michigan State. Natabiri vipigo viwili kabla ya Krismasi na kelele za kumtaka Cayden aanze. Kwenye ACC, ligi yao wenyewe, watashinda mechi nyingi, maana ligi hiyo haina tena meno iliyokuwa nayo.

Mchezo ninaousubiri ni ule wa Florida. Mabingwa wamefanya kinyume cha Duke: wamebakiza wale warefu wote, Alex Condon, Thomas Haugh na Chinyelu, na magadi ndio wageni, Boogie Fland kutoka Arkansas na Xaivian Lee kutoka Princeton. Ndani kutakuwa na watu wanaofahamiana na nje wanaotafutana, wakati Duke ndani ana mtoto wa miaka 18 na nje Foster. Usimfuate Boozer kwa macho usiku huo. Mwangalie Chinyelu mpira unaporushwa na kukosa, uone nani wa Duke amesimama kati yake na kikapu, na miguu yake iko wapi.